Besi inayokatika mwimbaji akifungua mdomo: kisa cha monita za masikioni, Tanga

Mwenye shida ni mwimbaji wa taarabu katika kundi moja la Tanga linalopiga zaidi kwenye harusi, kumbi za Ngamiani na Chumbageni. Kundi lina vinanda viwili, gitaa la solo, gitaa la besi, dramu na waimbaji wanne wanaopokezana. Siku zote walikuwa wakitegemea monita za sakafuni, yaani spika zinazomwelekea mwanamuziki ili ajisikie, na anayezijua kumbi hizo anajua taabu yake: dari ya chini, kuta za saruji tupu, maiki inapiga mluzi kabla wimbo haujanoga. Mwimbaji huyu akaamua kuagiza nje monita za masikioni zilizotengenezwa kwa umbo la masikio yake mwenyewe. Ganda ni gumu, la akriliki, na ndani ya kila upande mna spika tatu ndogo za aina iitwayo amecha: ya besi, ya kati na ya juu. Chapa za masikio, yaani umbo la sikio linalotolewa kwa silikoni, zilichukuliwa Dar es Salaam kwenye kliniki inayohudumia watu wanaovaa vifaa vya kusaidia kusikia.

Malalamiko yake aliyaeleza vizuri kuliko mafundi wengi ambavyo wangeyaeleza: "Nikikaa kimya nasikia kila kitu. Nikianza kuimba, besi ya kushoto inakimbia. Nikishika noti ndefu ndiyo kabisa, nabaki na vyuma vitupu." Akaongeza kwamba vile visikizio vya simu vya bei ndogo, vyenye mpira laini kwenye ncha, vinampa besi nyingi kuliko hizi za kuagiza. Kauli hizo mbili zilitosha kuonyesha pa kutazama. Kifaa cha bei ndogo chenye mpira kikikishinda kwa besi kifaa cha kuagiza chenye spika tatu, jambo la kwanza kushuku ni hewa inayovuja kati ya ganda na ngozi. Na besi inayokimbia mdomo unapofunguka inakwambia hata mahali inapovujia.

Lakini kwanza watu walikwenda kwenye miksa, kama inavyofanyika karibu kila mahali. Fundi mitambo alipandisha hezi 80, yaani sauti ya chini ya mitetemo 80 kwa sekunde, kwenye laini ya mwimbaji kwa desibeli 9. Hiyo ni kuitaka spika ya besi ifanye kazi kwa nguvu mara nane. Mwimbaji akinyamaza, sikio la kulia lilivuma na amecha ikaanza kukwaruza. Akifungua mdomo, kushoto besi ikapotea kama mwanzo. Wakajaribu kulisukuma gitaa la besi upande wa kushoto peke yake. Wakapunguza sauti za juu ili vyuma visimkere, na hapo maneno ya waitikiaji yakafifia. Mwisho wakapandisha sauti yote kwa jumla, na hapo ndipo hatari ilipoanzia.

Inafaa kuihesabu hatari hiyo kwa tarakimu, maana wanamuziki wetu wengi wanapoteza masikio kimyakimya. Kwa kanuni ya NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, sikio linavumilia desibeli 85 kwa saa 8, na kila desibeli 3 zinazoongezeka hukata muda huo nusu: 88 kwa saa 4, 91 kwa saa 2, 94 kwa saa 1, 97 kwa nusu saa, 100 kwa dakika 15. Ganda linapovuja, zinazopungua ni sauti za chini peke yake. Za kati na za juu zinabaki vilevile. Kwa hiyo mwimbaji anayeongeza desibeli 6 kuitafuta besi amezipandisha zote, na muda salama wa sikio lake umebaki robo. Harusi ya Tanga haiishi kwa robo ya muda. Mwimbaji alianza kusikia mluzi sikio la kulia, lile zima, kila alipotoka ukumbini, na mluzi ulidumu hadi asubuhi. Kuna usiku mwingine aliitoa ya kushoto kabisa akaimba na ya kulia pekee. Hilo nalo ni baya: masikio mawili yanapofanya kazi pamoja ubongo huhisi sauti ni kubwa zaidi, kwa hiyo anayebaki na moja huipandisha kufidia, na ile kelele ya ukumbi inayoingia sikio lililo wazi inamlazimisha apandishe tena.

Uchunguzi ulipofanywa kwa utaratibu haukuhitaji mitambo mikubwa. Ulifuata njia moja: kuondoa washukiwa mmoja baada ya mwingine, kuanzia walio rahisi kuwaondoa.

Nta ilitazamwa kwanza. Kwa tochi ya simu na lenzi ya kukuzia, matundu ya ncha ya ganda la kushoto yalionekana wazi hadi ndani. Tundu la besi likizibwa na nta, besi hupotea wakati wote, mdomo ukiwa wazi au umefungwa, kwa hiyo hata kabla ya kutazama dalili hazikulingana. Daktari wa masikio naye alitazama ndani: hakuna nta ya kuzuia, kiwambo cha sikio kizima, hakuna usaha. Hatua hii isirukwe, kwa sababu chapa mpya haichukuliwi kwenye sikio lenye kidonda au kiwambo kilichotoboka.

Waya ndio uliofuata. Waya wake ni wa pini mbili, unachomoka kwenye ganda. Upande wa kushoto ulichomekwa kulia na wa kulia kushoto, kwa kuangalia alama ili pini zisigeuke. Kama kosa lingekuwa kwenye waya, jeki au kipokezi cha kiunoni, lingehamia sikio la kulia. Halikuhama. Watu wengine hapa hushuku pini zilizogeuka, kwamba upande mmoja unasukuma wakati mwingine unavuta. Kosa hilo lipo, na hufanya besi isikike kama imetawanyika na sauti ya katikati ikose mahali pa kukaa, lakini husikika masikio yote mawili yakivaliwa pamoja. Sikio moja likisikilizwa peke yake halibadiliki kitu. Hapa kushoto peke yake kulikuwa kwembamba.

Spika zenyewe zilipimwa nje ya sikio. Kipande cha mpira mwembamba unaopitisha mwanga, urefu sentimita 2, kilifungwa ncha moja kwenye ganda na ncha nyingine kwenye maiki ndogo ya kupimia, na maungio yakazibwa kwa plastisini hadi hewa isipite hata kidogo. Programu ya Room EQ Wizard, ambayo haina malipo, ilipiga sauti inayopanda kutoka hezi 20 hadi 20,000. Mchoro unaotoka kwenye kifaa cha namna hii hausemi ukweli wote kuhusu sikio la mtu, ila unatosha kabisa kulinganisha kushoto na kulia kwenye mpira uleule. Pande zote mbili zilifuatana kwa tofauti isiyofika desibeli 2, besi ikiwamo. Maana yake spika ya besi ya kushoto ilikuwa nzima, na aliyetaka kuirudisha kwa mtengenezaji ikabadilishwe spika angepoteza muda na nauli ya mzigo.

Kipimo kilichomaliza ubishi kilifanyika kwenye sikio. Faili mbili za sauti kwenye simu, hezi 50 na hezi 500, zilipigwa kwa kupokezana, sauti ikiwa ya chini. Mwimbaji alikaa kitini, monita zote mbili sikioni, na kazi yake ilikuwa kuonyesha kwa mkono: mkono juu sauti ikiwa imejaa, mkono chini ikipungua. Mdomo ukiwa umefungwa, mkono ulikuwa juu kwa sauti zote mbili. Akaambiwa afungue mdomo kiasi cha vidole viwili.

"Dada, ya chini iko wapi?"

"Kulia ipo. Kushoto imekwenda."

Hezi 500 haikubadilika. Akatabasamu kwa nguvu: ya chini ikapungua nusu. Akageuza shingo kulia: ikarudi. Kisha ganda la kushoto likapakwa jeli ya maji, ile isiyo na mafuta, utando mwembamba kwenye sehemu inayoingia ndani ya njia ya sikio, matundu yakiachwa makavu. Hezi 50 ikasimama imara, mdomo wazi au umefungwa, hadi jeli ilipoanza kukauka. Jeli haiwezi kutengeneza spika wala waya. Inaziba mwanya tu.

Kwa nini mwanya mdogo namna hiyo uiue besi? Spika ya amecha ndiyo hiyo inayotumika kwenye vifaa vya kusaidia kusikia. Ni ndogo sana na husogeza hewa kidogo sana. Inatoa besi kwa sababu inasukuma chumba kilichofungwa, yaani ile nafasi ndogo iliyobaki kati ya ncha ya ganda na kiwambo cha sikio. Kila msukumo unabaki humo na kiwambo kinauhisi. Penye mwanya, msukumo wa polepole unapata muda wa kutorokea nje kabla haujafanya kazi, na msukumo wa haraka haupati. Ndiyo maana sauti za chini hutoweka na za juu hubaki. Waya nne za gitaa la besi zikipigwa wazi hutetema hezi 41, 55, 73 na 98. Zote zimo katika eneo linalotoroka. Na taarabu ya Tanga, tangu enzi za Black Star na Lucky Star, imetembea na magitaa ya umeme. Mwimbaji anayepotewa na gitaa la besi amepotewa na mguu wa wimbo, na huanza kuimba kwa kubahatisha mapigo.

Mwanya wenyewe unatokana na taya. Njia ya sikio la mtu mzima ina urefu wa kama sentimita 2.5, na ina kona mbili. Theluthi ya nje ni gegedu lililofunikwa na ngozi, sehemu ya ndani ni mfupa. Kichwa cha mfupa wa taya kimekaa mbele tu ya ile sehemu ya gegedu. Mdomo ukifunguka, kichwa hicho husogea mbele na chini, na ukuta wa mbele wa njia ya sikio huvutwa nacho: njia inapanuka. Ganda la akriliki halipanuki. Kiasi cha upanuzi hutofautiana mtu na mtu, hata sikio na sikio la mtu mmoja, na hiyo ndiyo sababu sikio lake la kulia lilikuwa salama ingawa chapa zote mbili zilichukuliwa siku moja, kwa mkono uleule, kwa namna moja.

Namna hiyo ilikuwa mdomo uliofungwa. Mwimbaji aliambiwa atulie, asiongee, asitabasamu. Kwa kifaa cha kusaidia kusikia utaratibu huo una maana yake, lakini kwa mtu ambaye kazi yake ni kufungua mdomo, haufai. Picha za chapa alizokuwa nazo kwenye simu zilionyesha kosa la pili: chapa ya kushoto ilikatika kabla ya kona ya pili, na ukuta wake wa mbele ulikuwa na mkunjo mdogo, alama ya silikoni iliyosimama kabla ya kugusa ngozi. Mtengenezaji hana njia ya kujua umbo la mahali ambapo chapa haikufika. Hukisia, hulainisha, na ganda linatoka fupi. Ganda fupi linaegemea gegedu tupu, yaani pale panapocheza.

Chapa mpya ilichukuliwa na mtaalamu wa masikio, na lazima iwe hivyo. Kumimina silikoni kwenye sikio lisilo na kizuizi kunaweza kuifikisha kwenye kiwambo na hata kupita, na kuitoa huko ni kazi ya upasuaji. Hata hivyo mwimbaji na fundi wake wanapaswa kuujua utaratibu, kwa sababu wao ndio wanaojua kifaa kitafanya kazi gani, na wao ndio wa kuikataa chapa mbovu kabla haijatumwa.

Baada ya kutazama kwa otoskopu, kifaa cha kuonea ndani ya sikio, kizuizi cha sponji chenye uzi kinasukumwa kwa kijiti chenye taa hadi kipite kona ya pili. Baadhi ya watu hukohoa hapo. Ni neva tu, si dalili ya kuumia. Kizuizi kikikaa kwenye kona yenyewe chapa itatoka fupi kama ya kwanza, kwa hiyo otoskopu hurudishwa kuhakikisha. Kisha, kabla ya silikoni, kipande cha kung'ata chenye kimo cha milimita 25 kinawekwa kati ya meno. Kikubwa zaidi ya hapo hakifai: njia itapanuliwa kupita kiasi, na ganda litakalotoka litambana mwenyewe anapofunga mdomo na kumuumiza baada ya nyimbo chache. Kipande hicho hakitolewi mpaka silikoni iwe imekaza.

Silikoni ni ya sehemu mbili, vipimo sawa, inakandwa kwa kama nusu dakika hadi rangi iwe moja bila mistari. Aliyevaa glavu za mpira wa kawaida ataharibu kazi: salfa iliyomo kwenye mpira huo huzuia silikoni ya aina hii kukaza, na chapa hubaki inanata juu juu. Glavu za naitrili hazina tatizo hilo. Jambo jingine ni joto. Wakati wa kaskazi, chumba kisicho na kiyoyozi Tanga kinaikazisha silikoni haraka kuliko muda ulioandikwa kwenye kopo, na anayefuata saa ya kopo anajikuta anasukuma kitu kilichoanza kuganda, ndipo mikunjo inapozaliwa. Makopo yakae mahali pa baridi, na kazi ifanyike chumba chenye kiyoyozi.

Bomba linaingizwa njiani, silikoni inasukumwa hadi izike ncha ya bomba, ndipo bomba linarudishwa polepole, ncha ikiwa imezikwa muda wote ili hewa isiingie. Baada ya njia, bakuli la sikio linajazwa, kisha mkunjo wa juu. Hapo mikono inatulia. Tabia ya kuikandamiza silikoni kwa kidole ili "ishike vizuri" huwa inalisukuma sikio lenyewe, na ganda linatoka na umbo la sikio lililokandamizwa. Kucha ikibonyezwa isipoacha alama, imekaza. Sikio linavutwa kidogo nyuma na juu kuingiza hewa, mkunjo wa juu unachomolewa kwanza, kisha chapa nzima inazungushwa mbele taratibu.

Chapa nzuri inatambulika kwa macho: kona mbili zote zinaonekana, njia inaendelea milimita kadhaa baada ya kona ya pili, ukuta wa mbele ni laini bila shimo wala mkunjo, na bakuli limejaa. Safari hii jaribio la kwanza la kushoto lilikataliwa kwa kitundu cha hewa mbele kabisa, likarudiwa. Ni vigumu kumwambia mtaalamu arudie, lakini dakika hizo chache ni ndogo kuliko wiki za mzigo kwenda na kurudi. Chapa zote mbili, ya kushoto na ya kulia, ziliwekwa kwenye kopo gumu, zikiwa na vizuizi na nyuzi zake, bila kukatwa kitu na bila kugandamizwa kwa pamba.

Barua kwa mtengenezaji ilikuwa fupi: kushoto kunavuja ukuta wa mbele mdomo ukifunguka; chapa hii ni ya mdomo wazi, milimita 25; spika zimepimwa, ni nzima; ganda la kulia lisiguswe. Sentensi ya mwisho ni muhimu. Karakana ikipata chapa mbili mpya inaweza kutengeneza upya pande zote, na kulia kulikuwa kunafanya kazi vizuri. Watengenezaji wengi hurekebisha ganda bila malipo ndani ya siku 30 tangu mteja apokee, na muda huo hutumika ovyo watu wanapohangaika na miksa. Kipimo cha hezi 50 kifanyike siku ile ile mzigo unapofika.

Wakati wa kusubiri, alivaa visikizio vya kawaida vya sponji. Mmoja wa wapigaji alikuwa na wazo la kulinenepesha ganda kwa rangi ya kucha au gundi ya silikoni ya madirishani. Wazo hilo likatae popote utakapolisikia. Rangi ya kucha ina viyeyusho vinavyoshambulia akriliki, na gundi ile yenye harufu ya siki hutoa asidi inayochubua ngozi ya sikio, ambayo ni nyembamba sana.

Ganda jipya lilirudi refu zaidi kwa milimita chache, lenye kifua kilichotokeza kidogo upande wa mbele. Kipimo kile kile kikarudiwa: mdomo vidole viwili, hezi 50 ikasimama. Akigeuza shingo hadi mwisho upande wa kushoto ilipungua kidogo, jambo linalovumilika kwa sababu hakuna anayeimba kwa mkao huo. Kwenye miksa zile desibeli 9 za hezi 80 zilifutwa zote, na sauti ya jumla ikashushwa kwa desibeli 6 bila yeye kuomba kuongezewa. Alipimwa usikivu pia kwa sababu ya ule mluzi, na hilo lingepaswa kufanyika mapema zaidi.

Kisha likaja lalamiko jipya, ambalo wasiojua hulichukulia kama kosa la ganda: sauti yake mwenyewe ilimjaa kichwani, kama anaimba ndani ya mtungi. Hii ni athari ya kuziba sikio. Mtu anapoimba, mtetemo wa mifupa huifanya ngozi ya sehemu ya gegedu itetemeke na kuzalisha sauti ndani ya njia. Sikio likiwa wazi sauti hiyo hutoka nje. Likizibwa hubaki, hasa ile ya hezi 100 hadi 500. Zamani haikumsumbua kushoto kwa sababu mwanya ulikuwa unaitoa, pamoja na besi. Kuna wanaotoboa ganda ili kupunguza jambo hili. Kwa mwimbaji wa taarabu hiyo ni kurudi pale pale. Dawa iliyofanya kazi ilitoka kwenye miksa, na safari hii miksa ndipo mahali pake hasa. Maiki yake ilikatwa chini ya hezi 150 kwenye masikio yake tu, ukumbini ikabaki kamili, ili mtetemo wa mifupa na maiki visijaze mahali pamoja. Akaongezewa mwangwi kidogo. Kisha ikabonyezwa swichi ya kugeuza mwelekeo wa wimbi kwenye maiki hiyo, akiwa anaimba noti ndefu, kulinganisha hali mbili: moja ilifanya sauti yake iwe nyembamba na ya mbali, nyingine ikamsogeza karibu. Sauti ya mfupa na ya maiki hukutana sikioni, na zikipingana huuana. Jaribio hilo halina gharama yoyote na linafaa kufanywa kwa kila mwimbaji anayevaa monita za namna hii. Maiki mbili za kuelekea wageni ziliongezwa kwa sauti ya chini, ili vigelegele na watu wanaokuja kutunza wasikike. Bila hizo mwimbaji hujihisi amefungiwa chumbani na huishia kuchomoa upande mmoja.

Mazoezini bado alisema sauti ni butu kuliko ukumbini, ganda lile lile. Huko walitumia ampu ndogo ya visikizio ya bei nafuu ambayo ina ukinzani wa omu 10 kwenye jeki. Monita za amecha nyingi hazina ukinzani mmoja. Za kwake ni kama omu 40 kwenye besi na omu 8 kwenye sauti za juu. Ukigawanya umeme kati ya ampu na monita, besi inapoteza desibeli 2 na sauti za juu zinapoteza 7: zimezama kwa desibeli 5 bila mtu kugusa ikwalaiza. Kwenye ampu yenye omu 1 tofauti hiyo haifiki desibeli 1. Ampu ilibadilishwa, ikwalaiza ikaachwa kama ilivyo.

Mavazi nayo yalihitaji utaratibu. Kofia ya ndani ya hijabu ikivaliwa kwanza, monita zikaingizwa baadaye chini yake, kitambaa husukuma ganda kwa pembe na kulifungua upande wa juu. Monita ziingie kwanza, waya upite juu ya sikio na kushuka nyuma ya shingo, uachwe na ulegevu wa vidole vinne, ubanwe kwa klipu kwenye gauni, ndipo kofia na mtandio vifuate. Mafuta ya nywele yasifike kwenye matundu.

Hewa ya bahari na jasho hula pini za waya haraka. Baada ya kila shughuli ganda lifutwe kwa kitambaa kikavu, nta itolewe kwa kitanzi cha waya tundu likielekea chini ili uchafu uanguke nje, na spiriti isimiminwe ndani kamwe. Zilale kwenye kopo linaloziba lenye pakiti za silika za kubadilika rangi, ambazo zikikolea unyevu hukaushwa au hubadilishwa. Mchele haufai, kwa sababu vumbi lake huingia matundu. Zisiachwe kwenye gari juani.

Sikio hubadilika kwa miaka, na mtu akinenepa au akipungua sana hubadilika mapema zaidi. Faili za hezi 50 na 500 zimebaki kwenye simu ya mwimbaji na hupigwa kabla ya kila shughuli, mdomo ukiwa umefungwa na kisha vidole viwili. Siku sauti ya chini itakapoanza kukimbia tena, zinachukuliwa chapa mpya, na zile za zamani hazitumiki kuagizia kitu kingine.